Kahawa unayoichuma hufanya nini mwilini mwako?

Mzee mmoja kutoka Subukia alinijia majuzi katika kliniki yangu hapa Nakuru, akiwa na kadi ya presha mkononi na swali rohoni.

"Daktari," akaniambia, "nimelima kahawa miaka thelathini. Imenisomeshea watoto wanne. Sasa nimepatikana na presha, na jirani yangu anasema ni kahawa iliyonipa. Ina maana miaka hii yote nimekuwa nikiwauzia watu sumu?"

Nilimwuliza yeye hunywa vikombe vingapi kwa siku. Akacheka sana. "Mimi? Mimi hunywa chai."

Huyo, msomaji, ndiye mkulima wetu wa kahawa. Anaijua kuanzia mche hadi gunia, lakini baada ya gunia hajui inakokwenda wala inachofanya ikifika. Nami nilimwahidi kwamba nitalijibu swali lake kwa urefu katika ukurasa huu, kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza.

Shambani

Kahawa ilianza katika misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemeni, na kutoka kwa Waarabu tukapata jina lenyewe. Ajabu ni kwamba ingawa Ethiopia ni jirani yetu, mbegu zilizofika Kenya zilizunguka dunia kwanza. Wamishonari wa Kifaransa walizipanda Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Wakati wa ukoloni zao hili lilikuwa la walowezi. Mwafrika alizuiwa kulilima, na hata lilipoanza kufunguliwa katika miaka ya 1930, lilifunguliwa kwa masharti na katika sehemu chache kama Meru na Kisii. Hapa kwetu, Solai na Subukia zilijulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa kabla ya wakulima wadogo kupata ekari zao. Ukielekea Kipkelion, upande wa Kericho, utakuta vyama vya ushirika vya kahawa katika kaunti ambayo wengi hudhani hulima majani chai peke yake.

Aina ya kahawa tunayolima ni arabika. Hupenda nyanda za juu, kiasi cha mita 1,400 hadi 2,000, udongo mwekundu wenye asili ya volkano na mvua isiyokatika ovyo. Mvua ikinyesha baada ya ukavu, mibuni huchanua maua meupe yenye harufu tamu kama ya asumini. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi saba hadi tisa.

Ndani ya tunda mna punje mbili zilizolaliana, na ndani ya punje mna kile kitakachotushughulisha leo: kafeini. Mti haukuitengeneza kwa ajili yako. Ni kinga yake dhidi ya wadudu. Punje ya arabika ina kafeini kiasi cha asilimia 1.2, nayo robusta ya Uganda ina karibu maradufu. Ndiyo maana kahawa nyingi za unga wa kuyeyuka, ambazo huchanganywa robusta, huwa kali kuliko harufu yake inavyodai.

Kiwandani

Hapa sitakawia, kwa sababu wasomaji wengi wa eneo hili wanaweza kunifundisha mimi. Matunda mekundu huchumwa kwa mkono, hupelekwa kiwandani siku iyo hiyo, humenywa kwa mashine, kisha punje huachwa ndani ya tangi zichachuke hadi ule utelezi utoke. Huoshwa, hutandazwa juu ya vitanda vya waya na kuanikwa hadi unyevu ubaki kiasi cha asilimia 11. Baadaye hukobolewa ganda la mwisho na kupangwa kwa ukubwa: AA, AB, PB na kuendelea. Kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Matunda yaliyokaukia mtini hayapiti tangini. Hayo mkulima wa Kenya huyaita mbuni, ingawa kamusi itakuambia mbuni ni mti wenyewe, na mtoto wa shule atakuambia ni ndege asiyeruka.

Neno moja la kitabibu kuhusu kuanika. Kahawa iliyowekwa magunia ikiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu iitwayo okratoksini, ambayo huumiza figo. Kuikaanga hupunguza sumu hiyo lakini hakuimalizi. Kwa hiyo ukiona msimamizi wa kiwanda anakataa kahawa yako kwa sababu haijakauka, usimwone mkorofi.

Jikoni

Kahawa mbichi haina ladha unayoijua. Ladha na harufu huzaliwa kwenye moto, zaidi ya nyuzi 200 hivi. Watu wengi huamini kwamba kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi ina nguvu zaidi. Si kweli, kwani kafeini haichomeki kirahisi, na tofauti kati ya nyeusi na ya kahawia ni ndogo mno. Uchungu si nguvu.

Namna ya kuitayarisha ndiyo yenye maana zaidi kwa daktari. Pwani, kahawa chungu huchemshwa na tangawizi au iliki, ikamiminwa kutoka kwenye dele katika vikombe vidogo, na kashata pembeni. Vikombe ni vidogo na hilo ni jambo zuri. Lakini kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta mawili, kafestoli na kahweoli, ambayo huongeza kolesteroli katika damu. Watu wa Skandinavia waliokuwa na mazoea ya kuchemsha kahawa waligundua jambo hilo katika miaka ya 1980. Chujio la karatasi huyazuia mafuta hayo karibu yote, na kahawa ya kuyeyuka haina mengi. Ikiwa umeambiwa kolesteroli yako iko juu, badilisha chujio kabla ya kuilaumu kahawa yote. Chujio la waya au kitambaa cha jikoni halifanyi kazi sawa na karatasi.

Na sukari je? Nimekutana na mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akinywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja na vijiko vinne vya sukari, akaniuliza kama kahawa ndiyo inampandisha.

Mwilini

Unapofanya kazi, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyokuja. Kafeini hukaa katika kiti cha adenosini, ikaizuia isiketi. Uchovu haujaondoka, ila habari zake hazikufikii. Muda wake ukiisha, adenosini yote iliyokuwa ikingoja mlangoni huingia kwa pamoja.

Kafeini hufika kileleni katika damu baada ya dakika 30 hadi 60. Kisha ini huanza kuivunja, na kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake huondoka kwa muda wa saa tano hivi. Kikombe kimoja kikubwa cha kahawa ya kuchuja kina miligramu 100 hivi. Ukikinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado unazo miligramu 50, kana kwamba umekunywa nusu kikombe ukipanda kitandani. Wengi wanaonijia kuomba vidonge vya usingizi wangepona kwa kuacha kikombe cha jioni.

Lakini hatulingani. Mvutaji sigara huivunja kafeini kwa kasi karibu maradufu. Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi huchukua muda karibu mara mbili ya kawaida. Mama mjamzito, katika miezi ya mwisho, aweza kuchukua saa 15 kuondoa nusu, na kafeini hupita moja kwa moja hadi kwa mtoto, ambaye hana uwezo wa kuivunja. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayepata zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, kwa kuwa huhusishwa na kuharibika kwa mimba na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mimi huwaambia wasivuke 200, yaani vikombe viwili vya kawaida, na wahesabu chai pia. Kwa mtu mzima asiye mjamzito na mwenye afya, miligramu 400 kwa siku hazijaonekana kuleta madhara.

Kuna hatari nyingine ya mama ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kahawa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka katika chakula, na chai huzuia zaidi. Mama mwenye upungufu wa damu anayeteremsha ugali na sukuma wiki kwa kikombe cha chai au kahawa anakula mboga ambazo mwili hauzipati sawasawa. Anywe saa moja kabla ya chakula, au akae saa mbili baada yake. Tembe za kuongeza damu zimezwe kwa maji.

Sasa presha. Kafeini huipandisha kwa muda wa saa chache, hasa kwa mtu asiyeizoea, ndiyo maana hutakiwi kunywa kahawa nusu saa kabla ya kupimwa. Ila anayekunywa kwa kiasi kila siku huzoea, na uchunguzi mwingi haujaonyesha kwamba kahawa ndiyo huanzisha ugonjwa wa presha. Kumbuka neno hilo, kwa kiasi. Uchunguzi wa Japani uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu wenye presha kali, ya 160 kwa 100 au zaidi, waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku, walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa mara mbili ya wale wasiokunywa. Kikombe kimoja hakikuonyesha hatari hiyo. Basi kama presha yako haijashikwa na dawa, kimoja chatosha.

Vidonda vya tumbo navyo kahawa haivileti. Vingi huletwa na bakteria waliogunduliwa nchini Australia mwaka 1982, na vingine na dawa za maumivu tunazonunua dukani kama peremende. Kahawa huongeza asidi na kiungulia, kwa hiyo ikikuchoma, iache. Kwa upande mwingine, wanywaji wa kahawa wameonekana kupata kwa uchache ugonjwa wa ini kunyauka, saratani ya ini na kisukari cha ukubwani. Hilo ni la kuwapa moyo wanaokunywa tayari, lakini mimi siandikii mtu kahawa kama dawa.

Linalonitia wasiwasi katika Bonde la Ufa ni joto. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, walikoiweka mwaka 1991. Lakini papo hapo wakasema kwamba kinywaji chochote chenye joto linalozidi nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani ya umio, iwe kahawa, chai au maji matupu. Eneo letu, hususan Bomet na majirani zake, lina wagonjwa wengi wa saratani hiyo, wakiwemo vijana wa miaka thelathini. Tunajivunia kunywa chai ikitoka motoni. Acha kikombe kipoe dakika tano. Na ukiona chakula kinakwama kooni kwa wiki mbili au zaidi, usingoje kushindwa kumeza uji ndipo uje hospitali.

Barabarani

Nakuru ni mji wa malori, na madereva ni wagonjwa wangu. Mmoja alikuja akishika kifua, moyo ukimwenda mbio, akiamini amerogwa. Alikuwa amekunywa vikombe vinane vya kahawa kutoka Mombasa, akatafuna na miraa juu yake. Moyo ulikuwa mzima. Hatari ilikuwa ni kule alikokuwa akielekea, kupitia Salgaa na Migaa, barabara ambayo alfajiri ya Disemba 31, 2017 peke yake iliua zaidi ya watu 30. Dereva wa aina hiyo huweza kulala sekunde nne akiwa macho wazi, na lori lililoshehena huenda mbali kwa sekunde nne. Akishikwa na usingizi, aegeshe, anywe kikombe kimoja, kisha alale dakika 15 au 20 papo hapo. Kafeini itaanza kazi anapoamka. Baada ya hapo dawa ni kitanda.

Sumu aliyoiuliza mzee

Nilipomweleza mzee wa Subukia kwamba kikombe si sumu, nilimwuliza jambo lingine: nani hupuliza dawa shambani? Akasema ni yeye, na sasa kijana wake wa mwisho. Huvaa nini? Kofia. Dawa huwekwa wapi? Chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi.

Hapo ndipo nilipoketi vizuri. Aina zake za kahawa ni SL28 na SL34, tamu sana lakini dhaifu mbele ya ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, kwa hiyo hupulizwa mara nyingi. Ruiru 11 iliyotolewa miaka ya 1980 na Batian ya mwaka 2010 huhimili magonjwa hayo na kupunguza kazi ya pampu, na nilimwambia afikirie kuzipandikiza juu ya mashina yake ya zamani. Lakini dawa za wadudu bado zipo, na baadhi, zile za kundi la oganofosfeti, hupita kwenye ngozi. Aliyedhurika hutokwa jasho na mate, machozi humtiririka, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, hutapika, kifua humbana na misuli humtetema. Mtoe shambani, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nawe ukiwa umejikinga mikono. Usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na mkebe wa dawa, ili daktari aisome lebo.

Mzee alirudi baada ya wiki tatu. Presha ilikuwa 138 kwa 84, buti za mpira alikuwa amenunua jozi mbili, na mikebe imehamia katika sanduku lenye kufuli nje ya nyumba. Barakoa bado hajapata ya kumfaa.