Pedi za Breki: Zipime Kabla ya Mteremko



Siku hizi magari yamefika vijijini. Hapa Kidugala, na njia nzima ya kwenda Makambako na Njombe, Noah na pikapu zinabeba viazi, mbao na maparachichi. Mara nyingine watu wamekaa juu ya mzigo. Mwenye gari anajua bei ya gunia la viazi. Anajua bei ya petroli. Lakini mwulize pedi za breki za gari lake zimebaki milimita ngapi. Atacheka. "Breki zipo bwana, si unaona linasimama?"

Linasimama, ndiyo. Linasimama mahali tambarare, tena likiwa tupu. Je, likiwa na magunia 10 kwenye mteremko wa Kitonga, au ule wa Lukumburu njia ya Songea? Huko ndiko pedi huulizwa swali lenyewe.

Somo la leo ni la kupima na kubadilisha pedi za mbele. Kazi hii si ngumu. Mtu mwenye spana, jeki na subira anaiweza kwa saa mbili. Ila mara ya kwanza ifanye ukiwa na fundi pembeni, akuangalie. Usijifunzie breki peke yako.

BREKI INAFANYAJE KAZI?

Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukumwa kwenye bomba jembamba mpaka kwenye gurudumu. Huko yanasukuma pistoni. Pistoni inabana pedi mbili kwenye diski, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Chuma kinachobeba pistoni na pedi huitwa kalipa. Kalipa ni kama mkono ulioshika sahani: vidole upande huu, kidole gumba upande ule.

Magari mengi madogo yana diski mbele. Nyuma mengi yana breki za ngoma. Hizo za ngoma tuziache leo, zina somo lake.

Mwingereza Frederick Lanchester alipewa haki ya ubunifu wa breki za diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, na vumbi la barabara za wakati ule lilizimaliza upesi. Anayeendesha gari kwenye vumbi letu la mwezi wa Septemba anaelewa habari hiyo bila kuelezwa.

Sasa sikiliza jambo la joto. Breki haiumezi mwendo ukapotea hivi hivi. Inaugeuza kuwa joto. Chukua gari la tani 2 pamoja na mzigo. Likishuka mteremko ambao kimo chake, kutoka juu mpaka chini, ni mita 100, na dereva akalizuia kwa breki peke yake, joto linalotoka linatosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji ya baridi. Joto lote hilo linaingia kwenye vyuma vichache vilivyojificha nyuma ya tairi. Na mwendo ukiwa mara 2, joto la kulisimamisha gari ni mara 4. Ndiyo sababu madereva wa zamani walishuka kwa gia ileile waliyopandia. Kwenye gari la otomatiki, soma herufi kando ya mkono wa gia: usishuke na D, weka 2 au L.

Pedi nene huvumilia joto hilo. Pedi iliyolika hulipitisha mpaka kwenye mafuta ya breki, na mafuta yakichemka hutoa mapovu. Pedeli haisukumi mapovu. Inazama tu.

DALILI

Hata abiria anaweza kuzisikia. Ukisikia mlio mwembamba, tsiii, kila dereva akikanyaga breki, pengine ni kijichuma kilichowekwa makusudi kwenye pedi ili kipige kelele zikikaribia kwisha. Si pedi zote zinacho. Ukisikia krrr kama jembe kwenye jiwe, pedi zimekwisha. Sasa ni chuma kwa chuma, na diski inaharibika. Gari kuvutia upande mmoja ni dalili nyingine. Mafuta ya breki kupungua kwenye kichupa chake nayo ni dalili, maana pedi zikilika pistoni hutoka nje zaidi na mafuta hufuata nyuma yake. Yakipungua upesi, yanavuja. Hapo usiguse kitu, mwite fundi.

Kupima ni rahisi. Chukua rula ya mtoto wa shule. Pima ile sehemu nyeusi inayosugua diski, usipime na bati lake la nyuma. Pedi mpya huwa kama milimita 10. Ikibaki milimita 3, badilisha. Ikiwa nyembamba kama njiti ya kiberiti, umeshachelewa. Pima zote mbili, ya ndani na ya nje. Ya ndani haionekani vizuri, na mara nyingi ndiyo inayotangulia kwisha.

KUNUNUA

Nenda dukani na pedi ya zamani mkononi, ulinganishe. Pedi huuzwa 4 kwa pamoja, mbili za kulia na mbili za kushoto. Usibadilishe upande mmoja tu kwa kubana pesa. Gari litavuta, nawe utavutwa nalo. Pedi iliyobandikwa upya kwa gundi uikatae, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Nunua na mafuta ya breki. Hapa kusoma kunakusaidia kweli. Kwenye kifuniko cha kichupa cha gari pameandikwa DOT 3 au DOT 4. Nunua kama ilivyoandikwa. Oili ya injini hapana, hata tone. Inavimbisha mipira ya breki na kuiharibu. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 205 za joto. DOT 4 mpaka ipite nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na ukungu wetu hapa mnaujua. DOT 3 iliyokwisha kunyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Kwa hiyo mwambie fundi ayabadilishe yote kila miaka 2, na usinunue chupa iliyokwisha kufunguliwa.

KAZI YENYEWE

Egesha gari mahali tambarare pagumu. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Inua kwa jeki, kisha weka stendi au gogo pana la mti chini ya fremu. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Toa gurudumu.

Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Upande ambao hujaugusa ni picha yako: ukisahau kitu kilikaaje, nenda ukautazame.

Usipulize vumbi la breki kwa mdomo. Pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi. Nyuzi zake zikiingia kifuani hukaa humo, na baada ya miaka mingi huleta saratani. Pedi za leo kwa kawaida hazina, lakini nani anajua iliyofungwa kwenye gari lako? Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa, kitambaa ukitupe kwenye mfuko.

Kalipa za magari mengi ya Toyota zimeshikwa na bolti mbili kwa nyuma, mara nyingi za spana namba 14. Fungua ya chini, inua kalipa juu kama mfuniko. Kama unaitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, utapasuka kwa ndani bila wewe kuona.

Toa pedi za zamani. Tazama diski. Ina nyufa? Ina mifereji mirefu? Tafuta maandishi MIN TH na namba pembeni yake. Namba hiyo ni unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa milimita. Diski ikiwa nyembamba kuliko hapo, pedi mpya hazitasaidia, badilisha na diski.

Sasa pistoni. Imetoka nje kufuata pedi zilizolika, nawe unataka kuweka pedi nene. Lazima irudi. Fungua kifuniko cha kichupa cha mafuta, uangalie yasifurike, maana yanababua rangi ya gari. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni, ibane kwa klampu, polepole. Usipige nyundo. Ikigoma kurudi, au mpira wake umechanika, simamisha kazi, mwite fundi.

Safisha pini ambazo kalipa hutelezea, zipake grisi ya breki inayostahimili joto. Weka pedi mpya. Upande mweusi utazame diski, bati litazame nje. Utasema hilo nani hajui, lakini mafundi wameona pedi zilizogeuzwa. Mikono yako isiwe na grisi unapozishika. Rudisha kalipa, kaza bolti sawasawa, rudisha gurudumu. Kisha fanya upande wa pili vivyo hivyo.

USIONDOE GARI BADO

Hapa ndipo penye mauti. Uliporudisha pistoni uliacha nafasi kati yake na pedi. Ukikanyaga breki mara ya kwanza, pedeli itazama mpaka chini kama mguu kwenye matope. Gari halina breki kabisa wakati huo. Mtu akiliwasha akarudi nyuma kutoka gereji, litakwenda mpaka likutane na ukuta, au mtoto.

Kaa kwenye kiti, kanyaga pole pole, achia, kanyaga tena, mpaka pedeli iwe ngumu na ibaki juu. Washa injini, ijaribu tena. Soma kichupa: mafuta yawe kati ya MIN na MAX. Pedeli ikiwa laini kama sponji, kuna upepo ndani ya mabomba. Gari lisitoke mpaka fundi atoe upepo huo.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu. Nenda kilomita 50 kwa saa, punguza kwa breki pole pole mpaka 10, nenda tena. Rudia kama mara 10, ukiacha nafasi breki zipoe. Siku hiyo usipakie mzigo wala abiria. Na baada ya kilomita 50 hadi 100, simama pembeni, toa spana, kaza tena nati za magurudumu yale mawili uliyoyafungua.