Zima Sauti Uone

Jaribu hili leo hosteli: fungua FIFA 15, chagua Liverpool wacheze Anfield, halafu zima sauti. Mpira ni uleule, padi ni ileile, ila gemu imepoa kama chai ya jana.

Toleo hilo la 2014 liliweka viwanja vyote 20 vya Ligi Kuu ya England. Kabla hujagusa mpira, kamera inazunguka majukwaani, Martin Tyler anakukaribisha, mashabiki wanaimba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokufungia goli. Vinakuandaa tu uione mechi ina maana.

Sisi wa ualimu hiyo tunaiita utangulizi wa somo. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa naingia darasani, naandika tarehe na mada, naanza kumwaga notsi. Wanafunzi wakisinzia, nawalaumu. Kumbe nilikuwa nafundisha sauti imezimwa!

Wiki ya tatu nikaanza na swali: nani jana karudishiwa chenji pungufu dukani? Mikono ikapanda. Hesabu zilikuwa zilezile.

Lakini usirudie utangulizi mmoja kila siku. Mchezaji akiuchoka hubonyeza kitufe akauruka. Mwanafunzi hana kitufe, yeye husinzia.