Usiku na Mchana Katika Kuchanua kwa Mimea
Kupishana kwa usiku na mchana ni katika ishara tulizoamrishwa kuzizingatia, na mimea yatutangulia kwa hilo. Mwaka 1920 Garner na Allard wa Marekani walibainisha kwamba iko mimea isiyochanua ila mchana ufupike, na mingine ila urefuke. Mwaka 1938 Hamner na Bonner wakadhihirisha kuwa ile ya kwanza hasa hupima usiku: kiza kikikatwa kwa mwangaza kidogo, hauchanui.

Sisi wa Taru tu karibu na ikweta. Mchana wetu mrefu hauuzidi mfupi hata kwa nusu saa. Basi mmea ungojao mchana wa saa 14 hautachanua hapa, ujapotiwa maji kila siku. Na kitunguu cha Ulaya, kwa sababu iyo hiyo, hakifanyi kichwa. Mwenye shamba asimtuhumu jirani kwa husuda wala asiende kwa mganga; aulize mbegu ilitoka nchi gani.