KAZI YA MSHAHARA NA KAZI YA NYUMBA: NANI ANAFANYA NINI?



Katika somo hili tunataka kuchunguza neno ambalo kila mmoja wetu anafikiri analijua: neno KAZI. Ukimuuliza mwanafunzi mdogo, «Papa yako anafanya kazi gani?» atajibu bila kukawia: ni mwalimu, ni muuguzi, ni dereva, anachimba. Ukimuuliza tena, «Na mama yako?» wengi wanajibu, «Mama hafanyi kazi, anabaki tu nyumbani.» Tutazame kama jibu hili ni la kweli ao hapana. Jambo hili si la wazee peke yao. Linatugusa hapa masomoni pia, ginsi tutakavyoona mbele.

1. KAZI NI NINI?

Mtu akipika chakula kwa mgahawa na kulipwa mwisho wa mwezi, tunasema anafanya kazi. Akipika chakula kilekile kwake nyumbani, tunasema hafanyi kitu. Lakini moto ni uleule, sufuria ni ileile, na mikono inachoka sawasawa. Kitu kimoja tu hakipo: feza.

Mtaalamu wa uchumi Margaret Reid, katika kitabu alichotoa Marekani mwaka 1934, alionyesha kipimo rahisi. Jiulize: jambo hili, mtu mwingine anaweza kulifanya kwa fasi yangu nikamlipa? Kama anaweza, basi ni kazi. Kuteka maji, kutwanga, kufula nguo, kulinda mtoto, kumtunza mgonjwa: yote haya unaweza kumlipa mtu ayafanye. Lakini huwezi kumlipa mtu alale kwa fasi yako, ale kwa fasi yako, ao ajue somo la hesabu kwa fasi yako. Hayo si kazi ya nyumba.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi kutoka nchi nyingi walikutana Geneva, kwa Shirika la Kazi la Kimataifa. Nao walikubali maana pana: kutengeneza vitu ao kutoa huduma ni kazi, iwe kwa kuuzisha ao kwa matumizi ya jamaa yako. Basi kazi ya nyumba ni kazi. Inakosa tu mshahara.

2. HESABU YA SAA

Mwaka 2018 Shirika lile lilitoa hesabu iliyokusanywa katika nchi 64. Kwa wastani, mwanamke anatumia saa 4 na dakika 25 kila siku kwa kazi ya nyumba na kutunza watu bila malipo. Mwanaume anatumia saa 1 na dakika 23. Kwa saa 100 za kazi hiyo, wanawake wanafanya zaidi ya saa 76.

Tufanye hesabu wenyewe. Kwa siku, tofauti ni saa 3 na dakika 2. Kwa juma, ni saa 21 na dakika 14. Mwenye saa 21 kila juma anaweza kujifunza fundi, kusoma kitabu, kulima kwa kuuzisha, ao kupumzika. Asiyekuwa nazo, hata akiwa na akili nyingi, atabaki nyuma. Hapa ndipo shauri lote liko: asiyehesabiwa saa zake, tutasema ni mvivu ao hana akili, na kumbe ni muda alionyimwa.

3. MGAWANYO HUU ULITOKA WAPI?

Wengine wanasema: «Ni desturi ya babu zetu, haiwezi kubadilika.» Ni kweli kwamba katika vijiji vyetu vingi kazi ziligawanywa. Wanaume walikata miti ya shamba jipya, walijenga nyumba, waliwinda. Wanawake walipanda, walipalilia, walivuna, waliteka maji na kupika. Lakini tuangalie: katika mgawanyo ule pande zote mbili zilifanya kazi ya nyumba, na hakuna aliyekuwa na mshahara.

Mshahara uliingia na ukoloni. Wanaume walidaiwa kodi kwa franka, na kwa kupata franka walipaswa kwenda kwa wazungu. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 katika Katanga. Kwanza ilileta wanaume kwa mkataba wa muda mfupi. Kisha, karibu na mwaka 1928, ilianza kuwaweka kwa muda mrefu pamoja na bibi na watoto wao katika kambi. Mwanaume alipokea mshahara. Bibi na watoto walihesabiwa kwa posho. Na katika foyer social wanawake walifundishwa kushona, kupika na kulea. Shule za kutoa makarani na wauguzi zilikuwa karibu zote za wavulana. Hivi jamaa ilianza kuwa na «mwenye kazi» mmoja, na wengine «wanaokula kwake». Mpango huu ulitoka kwa ofisi ya kampuni, haukutoka kwa babu.

Tena kuna jambo la kushangaza. Wakati uleule, katika nyumba za wazungu, nani alipika? Nani alifula na kupiga pasi? Karibu wote walikuwa wanaume! Boyi alikuwa mwanaume, na mpishi alikuwa mwanaume. Papa mmoja aliweza kupika mchana kutwa kwa mzungu, kisha jioni akarudi kwake na kusema kwamba jiko ni la mwanamke. Basi si sufuria iliyochagua. Kazi ikilipwa, ilikuwa ya mwanaume. Kazi ileile isipolipwa, ilikuwa ya mwanamke.

Baadaye hali iligeuka tena. Katika miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na mishahara ya Serikali ilikawia ao haikufika kabisa. Katika Lubumbashi na miji mingine, wamama waliingia sokoni na unga, makala, samaki na mafuta ya mawese. Nyumba nyingi zilikula kwa sababu ya meza ndogo ya mama, na watoto walilipiwa masomo kwa faida ile. Lakini je, wakati mama alipochukua nusu ya kazi ya feza, papa alichukua nusu ya kazi ya nyumba? Kwa nyumba nyingi jibu ni hapana. Mama alirudi sokoni jioni, akaanza kuwasha moto.

4. SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilidai bibi apate ruhusa ya bwana wake kabla ya tendo la sheria ambalo linamfunga, kama vile mkataba wa kazi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Bwana anaendelea kuitwa mkubwa wa nyumba, lakini wote wawili wanaongoza nyumba pamoja. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka mshahara sawa kwa kazi sawa, na inampa mama mzazi majuma 14 ya mapumziko. Katiba ya mwaka 2006, kwa kifungu cha 14, inaamuru Serikali iondoe kila namna ya ubaguzi juu ya wanawake.

Na wanawake wameonyesha uwezo. Sophie Kanza alimaliza universite mwaka 1964, mwanamke wa kwanza Mkongo kufanya hivyo, akawa waziri mwaka 1966. Mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka aliitwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza katika nchi yetu. Lakini sheria haiingii jikoni. Hakuna polisi wa kuangalia nani aliosha sahani. Sehemu hiyo inabaki kwa zamiri zetu.

5. MFANO WA NCHI NYINGINE

Katika Islandia, kisiwa kidogo cha kaskazini, wanawake walipatana mnamo tarehe 24 Oktoba 1975 kuacha kazi zote kwa siku moja: za ofisi, za kiwanda na za nyumba. Wanawake 9 kwa 10 walifanya hivyo. Viwanda vya samaki vilifungwa, na masomo mengi vilevile. Wababa walipeleka watoto kwa kazi, na soseji zilikwisha madukani kwa sababu ni chakula rahisi cha kupika. Siku moja ilitosha watu waone kazi ambayo haikuonekana. Mwaka uliofuata bunge lilitoa sheria ya usawa, na mwaka 1980 nchi ile ilichagua mwanamke, Vigdís Finnbogadóttir, kuwa rais.

6. NENO LA MUNGU

Wengine wanachukua Biblia kama fimbo ya kumrudisha mwanamke jikoni. Tusome vizuri. Mwanamke wa Mezali 31 ananunua shamba, anapanda mizabibu, anauzisha nguo kwa wachuuzi. Lidia wa Matendo 16 alikuwa mchuuzi wa nguo za rangi ya zambarau. Prisila na bwana wake Akila walikuwa na fundi moja, kushona hema (Matendo 18). Kwa upande wa wanaume, Yakobo alipika dengu (Mwanzo 25). Na Bwana wetu mwenyewe aliosha miguu ya wanafunzi wake (Yoane 13), na kisha kufufuka aliwatayarishia samaki na mkate juu ya moto wa makala (Yoane 21). Kama Bwana hakupata haya kwa kupika, sisi ni nani?

7. TUSIDHARAU UCHOVU WA PAPA

Somo hili halitaki kuwacheka wababa. Mtu anayeshuka katika shimo la shaba, ao anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala tangu alfajiri, anachoka kweli. Naye anabeba aibu kubwa akikosa kazi, kwa sababu tumemfundisha kwamba heshima yake yote iko katika mshahara. Mgawanyo mbaya unamlemea mama kwa kazi, unamlemea papa kwa hofu. Kugawana si kumshusha mmoja. Ni wawili kubeba mzigo mmoja, kila mmoja kwa nguvu na muda alio nao.

8. NA HAPA MASOMONI?

Tutazame kengele ya asubuhi. Wanaokawia, mara nyingi ni wasichana wanaotoka mbali. Wengi wao walikwisha kuteka maji, kufagia, na kuwaogesha wadogo zao, wakati ndugu yao mvulana wa nyumba ileile alikuwa akirudilia somo. Kisha wote wawili wanaketi mbele ya karatasi moja ya egzamen ya Serikali. Msahihishaji hajui nani aliamka saa kumi na nani aliamka saa kumi na mbili. Tunapomwazibu msichana yule kwa kukawia, tuulize kwanza alikuwa wapi.

Na salongo ya Siku ya Posho: wasichana wanafagia madarasa na kuteka maji, wavulana wanakata majani. Majani yanakatwa mara moja kwa juma mbili, na wakati wa kiangazi hayakatwi kabisa. Lakini vumbi linarudi kila siku! Kwa hiyo tumeomba kwa wakubwa wa masomo kwamba orodha ya salongo ifuate namba za darasa, si mvulana na msichana. Kupanga na panga vishikwe na wote, ufagio na ndoo vilevile. Tunangoja jibu lao.

ZOEZI LA JUMA HILI

Chora meza yenye siku saba. Andika kila kazi ya nyumba, nani aliifanya, na kwa muda gani: papa, mama, kaka, dada, wewe mwenyewe. Usidanganye. Jumapili jioni ujumlishe.

MASWALI

a) Ni kazi gani kwenu inalipwa ikifanywa nje, lakini hailipwi ikifanywa nyumbani?
b) Kama mama akigonjwa juma moja, ni kazi zipi zitasimama, na nani atazifanya?
c) Wavulana: ni kazi moja gani mnaweza kuanza kesho asubuhi, bila kungoja kuagizwa?

Majibu yaletwe kwa kamati ya gazeti mbele ya Ijumaa. Mungu abariki mikono yote inayofanya kazi.

Doyen wa wanafunzi, darasa la mwisho