Wavira na Mto Ruzizi

Kaskazini mwa mji wa Uvira kuna mto mdogo uitwao Kavimvira. Unashuka kutoka milimani na kuingia katika Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa nchi hii ni Wavira. Wazee wao husimulia kwamba mababu walitoka magharibi, upande wa Lwindi, wakavuka milima na kujenga karibu na ziwa. Mkubwa wao huitwa Mwami. Wavira hulima mihogo, na usiku huvua ndakala kwa taa.

Mbele ya Kavimvira uko mto mkubwa, Ruzizi. Zamani Wazungu waliotafuta chanzo cha Nili waliuliza: Je, Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, labda ndio Nili.

Tarehe 26 Aprili 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Wana watatu wa Mwami walikuja kuwatazama. Burton aliwauliza habari za mto. Wakajibu kwamba unaingia ziwani. Watu wote waliosimama pale wakasema vivyo hivyo. Burton akahuzunika sana. Alitaka kwenda kuona, lakini wapiga kasia wakakataa, kwa kuwa waliwaogopa watu wa mbele.

Baadaye, huko kwao, Burton akaingia shaka. Mwaka 1864 aliandika kwamba Ruzizi unatoka ziwani. Neno la Wavira likawekwa kando.

Mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi mpaka mdomo wa Ruzizi. Waliona nini? Maji yalikuwa yakiingia ziwani kwa nguvu! Wavira walikuwa wamesema kweli.

Sababu ni hii: Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, lililo juu mita 1,460 hivi. Ziwa Tanganyika liko juu mita 770 hivi tu. Maji hayapandi mlima. Maji ya Tanganyika hutokea Lukuga, karibu na Kalemie, yakaenda katika mto Kongo.

Watoto, wavuvi wale hawakuwa na vitabu wala vipimo, lakini waliujua mto wao. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza na kulidharau jibu.

Maswali
1. Wana wa Mwami walijibu nini?
2. Kwa nini Burton hakufika Ruzizi?
3. Waulize wazee: mto wa kwenu unatoka wapi, nao unaishia wapi?