Keki Ndogo za Ndizi kwa Unga wa Karanga: Usalama Huanza Sokoni

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na hadi leo baadhi ya bidhaa za madukani mwake zimesafiri mbali. Mojawapo ni unga wa lozi, utajwao katika mapishi mengi ya keki ndogo za ndizi na chokoleti. Unga huo huletwa kutoka ng'ambo, nao ni ghali. Karanga hulimwa papo hapo, Urambo na Nzega, na unga wake waweza kushika nafasi ya lozi. Hata hivyo, mlaji hana budi kuitambua hatari moja ya karanga: sumukuvu.

Kwa nini tunatahadharisha

Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota katika karanga zilizokaushwa au kuhifadhiwa vibaya. Haionekani kwa macho, haina ladha, na joto la kuokea keki haliimalizi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, huchangia saratani ya ini. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki katika karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho hakipimiki jikoni. Kwa hiyo usalama wa keki huamuliwa kabla moto haujawashwa.

Kununua na kuchambua

Tunashauri ununue karanga nzima, kwa kuwa kusaga huficha ubovu. Zitandaze katika ungo penye mwanga, uondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Uchambuzi hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ingawa hauiondoi yote. Zilizokataliwa zifukiwe. Zisipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hadi katika maziwa. Ukinunua unga wa pakiti, tazama alama ya ubora ya TBS, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kuoka

1. Kaanga karanga kidogo, ziache zipoe, uzimenye, kisha uzitwange kidogo kidogo na kuchekecha. Ukizidisha kutwanga, zitatoa mafuta na kuwa uji mzito badala ya unga.

2. Ponda ndizi mbivu 3. Changanya na mayai 3 yaliyopigwa na vijiko 2 vya chakula vya asali.

3. Tia vikombe 2 vya unga wa karanga, kijiko 1 cha chai cha poda ya kuumulia keki na chumvi kidogo. Malizia na nusu kikombe cha vipande vya chokoleti.

4. Mimina katika vikopo vilivyopakwa mafuta. Oka kwa nyuzi joto 175 kwa dakika 20 hadi 25, au kwa mkaa chini na juu ya sufuria, hadi kijiti ukichomacho katikati kitoke kikavu.

Tahadhari

Mwenye mzio wa karanga asile keki hizi. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe, kwa sababu ya asali iliyomo. Ukiziuza au kumkaribisha mgeni, sema wazi kwamba ni za karanga, kwa maana mlaji hawezi kujilinda na kitu asichoambiwa.