JINO LENYE AKILI
Katika mtihani wa Kiingereza wengi wetu tuliandika kwamba jino la mgonjwa ni «sensible». Tulipoteza pointi, na mwalimu alicheka sana: jino lenye akili! Kifaransa njo kilitudanganya. Kwa Wafaransa «sensible» ni yule anayesikia upesi maumivu ao huzuni. Waingereza wanamwita «sensitive». «Sensible» yao ni mutu wa akili, anayefikiri mbele ya kutenda.

Yote mawili yanatoka kwa neno la Kilatini «sentire», kusikia mwilini ao moyoni. Lakini angalieni: «sense» ni akili, «sensibility» ilibaki upande wa moyo. Juu ya ile mwandishi Mwingereza Jane Austen aliita kitabu chake cha mwaka 1811 «Sense and Sensibility».

Basi mgonjwa anaweza kuwa «sensible». Jino lake hapana.